Mlango wa J3: kazi inayotangulia chipu kwenye Ford dizeli ya 7.3

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye gereji za huku Marekani, hasa majimbo ya baridi, kuna gari mtakutana nalo ambalo wenyewe hawataki kuliacha lipumzike. Ni pikapu za Ford F-250 na F-350 zenye injini ya dizeli ya lita 7.3, ile inayoitwa Power Stroke. Injini yenyewe iliundwa na Navistar, na kwenye malori ya International inajulikana kama T444E. Ford waliifunga kuanzia 1994 hadi 2003. Bodi imeshaliwa na chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji, viti vimechanika, lakini injini inanguruma kama kawaida. Siku moja mwenye gari atakuja na kibahasha mkononi: ameagiza chipu ya kuongeza nguvu, anataka uifunge, na ameambiwa na rafiki yake kwamba ni kazi ya dakika 20.

Kuchomeka chipu kweli ni dakika chache. Kuandaa kompyuta ya injini ipokee chipu ndiko kunakokula asubuhi nzima, na chipu nyingi zinazorudishwa dukani kwamba ni mbovu hazina ubovu wowote. Zilichomekwa kwenye mlango mchafu wa kompyuta hiyo.

Tuanze na namna inavyofanya kazi, maana usipoelewa hili hutaona sababu ya kujichosha na usafi. Kompyuta ya injini ya Ford ya miaka ile, PCM, ina programu yake ndani ya kumbukumbu iliyo kwenye bodi ya saketi ndani ya boksi lake. Humo ndimo mnamosema nozeli imwage dizeli kiasi gani, mapema au kwa kuchelewa, na gia otomatiki ibadilike lini. Upande mmoja wa boksi kuna soketi kubwa ya nyaya zinazokuja kutoka kwenye injini. Upande wa pili, nyuma ya kifuniko kidogo, Ford waliacha mlango wa mafundi wao wa kiwandani, unaitwa J3. Ukiufungua unaona ukingo wa bodi wenye meno 30 bapa, 15 juu na 15 chini. Chipu ikivaa pale, inaizima kumbukumbu ya kiwandani na kuanza kumpa prosesa programu yake yenyewe, mfululizo, muda wote injini inapozunguka. Sasa fikiria jino moja tu halijagusa vizuri. Prosesa inasoma namba isiyo sahihi, na hapo hapo inapotea. Gari linazima katikati ya barabara kuu, au haliwaki kabisa. Waya wa taa ukiwa na kutu, taa itafifia tu. Hapa hakuna kufifia: ama imesoma, ama haikusoma.

Na meno hayo hayaji yakiwa wazi. Kiwandani bodi nzima ilipakwa vanishi ya kuzuia unyevu, na juu yake mara nyingi utakuta grisi ya silikoni. Ndiyo maana kompyuta imeishi miaka yote hiyo chini ya dashibodi bila kuoza. Vanishi ile ile ndiyo adui yako leo.

Kabla hujagusa kompyuta, lijue gari kwanza. Hili wageni wengi wanaliruka kwa kuwa mteja amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa. Angalia oili. Nozeli za 7.3 zinasukumwa na oili ya injini yenyewe kwa shinikizo kubwa, si kwa pampu ya dizeli ya shinikizo kama ulizozoea nyumbani kwenye Fuso au Isuzu za zamani. Injini inakula kama lita 14 za oili, na ikipungua au ikichoka, nozeli zinachoka nayo. Chomeka mashine ya kusomea kodi, yaani namba za hitilafu, uandike kodi zote zilizopo, kisha uangalie shinikizo la oili ya nozeli wakati wa kupiga stata. Likiwa chini ya psi 500, nozeli hazifunguki. Pampu iliyochoka haitapona kwa chipu, itaumbuka. Kagua kihisi cha kamshafti, maana hicho kikifa gari linazima ghafla vile vile kama chipu isiyogusa, na utahangaika kutafuta tatizo lisilo lako. Ford wenyewe waliyaita magari mengi ya aina hii yarudi kwao mwaka 2007 kwa ajili ya kihisi hicho. Tazama pia mkanda wa nyaya unaopita juu ya kava la valvu upande wa dereva. Unasuguana pale mpaka nyaya zinabaki uchi.

Mwambie mteja ulichokuta, na uandike kwenye karatasi ya kazi. Gari lililoingia na kodi tano likitoka na kodi tano, hakuna atakayesema umeiharibu wewe.

Jambo jingine la mapema: soma kodi ya kompyuta kwenye lebo yake, herufi na namba chache zilizochapwa kubwa. Chipu huandikwa kwa kufuata kodi hiyo, na kwa kuangalia gari lina gia za mkono au otomatiki. Kama muuzaji wa chipu hakuwahi kuuliza kodi, simamisha kazi umpigie simu kwanza.

Kutoa kompyuta nitapita haraka. Dizeli hizi zina betri mbili, kwa hiyo ondoa hasi kwenye betri zote mbili. Kuondoa moja ukidhani umekata umeme ni kujidanganya, ile nyingine bado inalisha. Kwenye gari za 1999 hadi 2003 soketi kubwa ya nyaya iko ndani ya boneti upande wa dereva, imeshikwa na bolti moja ya namba 10. Mahali penye chumvi bolti hiyo hung'ang'ania. Ipulizie dawa ya kulegeza kutu, subiri, kisha ifungue kwa mkono taratibu. Usitumie mashine ya hewa, ikikatika ndani ya soketi siku yako imekwisha. Kompyuta yenyewe unaivutia ndani ya kabini, juu ya pedali ya breki ya kuegesha. Nafasi ni finyu, utalala chali sakafuni miguu ikiwa nje, zoea.

Wakati wa baridi hewa ya huku ni kavu mno, ukishuka kwenye kiti cha kitambaa unapigwa shoti ya umeme tuli. Shoti hiyo hiyo inatosha kuua kompyuta. Gusa chuma kitupu cha bodi ya gari kabla ya kushika boksi, na usifanye kazi hii ukiwa umevaa sweta la sufu.

Sasa usafi. Weka kompyuta juu ya meza yenye taa nzuri, mlango wa J3 ukikutazama. Ondoa kifuniko na ukihifadhi. Ukiona grisi, itoe kwanza kwa kijiti cha mbao, kile cha aiskrimu kinafaa sana ukikichonga ncha bapa. Kijiti ni laini kuliko meno, kwa hiyo hakiwezi kuyaumiza. Kokota kutoka ndani kuelekea nje, kwa mwelekeo wa meno, kamwe si kwa kukatisha. Ukikatisha unasukuma uchafu uingie kati ya jino na jino, na kwenye pembe unaweza kuling'oa jino lenyewe.

Grisi ikiisha, utaona meno yana rangi ya fedha, na wageni wengi husimama hapo wakidhani kazi imekwisha. Bado. Vanishi haina rangi, macho yanapita ndani yake. Ijaribu kwa ncha ya kijiti: ikiteleza kama juu ya kioo, vanishi ipo. Lowesha kitambaa kisichoacha nyuzi kwa spiriti kali, ile ya asilimia 90 na kuendelea, ulaze juu ya meno dakika chache, kisha kokota tena kwa kijiti. Utaona vipande vyembamba vinavyoambaa, hiyo ndiyo vanishi yenyewe. Rudia upande wa juu, geuza boksi, rudia upande wa chini. Upande wa chini ndio husahaulika, kwa sababu hauonekani bila kuinama. Chukua kioo kidogo na tochi.

Mabaki ya mwisho yanatoka kwa kipande cha kisugulio cha kijani cha kuoshea vyombo, kilichokatwa chembamba na kufungwa kwenye kijiti. Sugua kidogo tu, bila nguvu. Msasa hapana. Kisu hapana. Waya wa chuma wa kusugulia sufuria ndio hapana kabisa: unaacha nyuzi zisizoonekana, zinaziba kati ya meno, na ukirudisha umeme kompyuta inaungua. Juu ya shaba ya meno kuna utando mwembamba wa rangi ya fedha. Ukianza kuona wekundu wa shaba, umepita kiasi, acha hapo hapo.

Mafundi wengine hupuliza dawa ya kusafishia breki moja kwa moja ndani ya mlango. Inafanya kazi haraka, sikatai, lakini inayeyusha vanishi na kuipeleka ndani zaidi kwenye bodi, mahali ambapo vanishi inatakiwa ibaki kama ilivyo. Mimi hupulizia kwenye kijiti au kitambaa, si kwenye boksi, na mlango nauelekeza chini ili kinachodondoka kidondoke nje. Ukimaliza, suuza kwa spiriti na uache ikauke kabisa. Usipulize kwa kompresa ya gereji, ile hewa ina maji na oili. Na usipake grisi ya umeme kwenye meno hata kama mtu mzima wa gereji amekwambia inazuia kutu. Umetumia saa nzima kuondoa grisi, utairudishaje?

Kuchomeka: chipu iende moja kwa moja, bila kupinda, mpaka ikome. Usiichomeke wala kuichomoa betri zikiwa zimeunganishwa, hata funguo zikiwa mfukoni mwako. Waya wa swichi ya kubadilisha nguvu upitishe mbali na pedali, uubane. Ukirudisha soketi kubwa, kaza bolti ya namba 10 mpaka ikae, usiongeze nguvu ya hasira.

Kabla ya kupiga stata, fungua swichi ya ufunguo tu na usikilize. Kwenye gari za 1999 na kuendelea, pampu ya dizeli ya umeme chini ya chesisi italia kwa muda mfupi, na taa ya kusubiri kuwasha itatokea kwenye dashibodi. Vyote viwili vikiwepo, prosesa inasoma chipu. Vikikosekana vyote, usimalize betri kwa kupiga stata: zima, ondoa hasi zote mbili, chomoa chipu, kagua meno. Chipu ikiwa bado nje, rudisha betri ujaribu gari peke yake. Likiwaka bila chipu na likagoma nayo, rudi kwenye kijiti na spiriti kabla hujamlaumu muuzaji. Gari likiwaka, litikise boksi kidogo kwa mkono injini ikiwa inazunguka taratibu. Likizima au kukohoa, bado kuna jino chafu, na ni heri ulijue ukiwa gereji kuliko mteja alijue akiwa na trela nyuma.

Chipu nyingi za 7.3 zina nafasi kadhaa kwenye swichi: ya kiwandani, ya kuvuta mzigo, ya safari, ya nguvu zaidi, na baadhi zina nafasi ya kuzuia gari lisiwake, ambayo wenye magari huipenda kwa ajili ya wezi. Mwandikie mteja nafasi hizo kwenye kikaratasi ukibandike kwenye kikinga jua juu ya kioo cha mbele. Atasahau, atakupigia simu akiwa maegesho ya dukani gari haliwaki, kumbe swichi iko kwenye ile ya wezi.

Suala la mzigo litakuhitaji uwe mkali kidogo. Mwaka 1999 injini hii ilitoka na nguvu farasi 235. Mwaka 2001 ikawa 250 kwa otomatiki na 275 kwa gia za mkono. Chipu inaongeza juu ya hapo kwa kumwaga dizeli zaidi, na dizeli zaidi ni joto zaidi kwenye ekzosi. Usikubali kufunga chipu ya nguvu kwenye gari la kuvuta trela lisilo na geji ya joto la ekzosi. Mafundi wa 7.3 wanakubaliana kwamba ukikaribia nyuzi 1250 za Fahrenheit kwa muda mrefu, pistoni na turbo viko hatarini. Ongeza na geji ya joto la gia, kwa sababu gia otomatiki za gari hizi hufa kwa joto kabla injini haijasema lolote. Pia baadhi ya injini za miaka ya mwishoni zina konekting rodi zilizotengenezwa kwa unga wa chuma uliogandamizwa, hazivumilii nguvu kama zile za kufuliwa. Mteja anayetaka nafasi ya juu kabisa, muulize kwanza anazo zipi.

Sheria nayo ipo. Sheria ya hewa safi ya shirikisho inakataza kuchezea vifaa vya kudhibiti moshi, na California chipu lazima iwe na namba ya idhini ya bodi yao ya hewa. Mteja akitaka programu ya kutoa moshi mweusi kama lori la makaa, gereji ndiyo itakayoandikiwa faini pamoja naye. Kataa.

Bei ipange kwa saa, usikubali ile ya dakika 20. Na siku mteja atakapotaka kuuza gari na kubaki na chipu yake, ondoa hasi za betri zote mbili, chomoa, kisha rudisha kile kifuniko cha J3 ulichokihifadhi. Meno uliyoyasafisha hayana tena vanishi ya kuyakinga, na unyevu ukiingia hapo mmiliki anayefuata atarudi kwako na kompyuta iliyooza.