Simu si kisu, mwanangu

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Jumapili ile salio lilipokatika, uliniachia swali. Ulisema: "Baba, simu si kama kisu tu? Mwenye kisu ndiye anayeamua akate nyanya au amjeruhi mwenzake. Kisu hakina kosa. Kwa nini kila mara unailaumu simu?" Nimeshinda nalo wiki nzima hapa kibandani, nikaona nikujibu kwa kalamu. Kwa simu tungeishia kukatizana maneno.

Babu yako alivua dagaa. Nikiwa mdogo aliwahi kunichukua ziwani usiku wa giza. Karabai ilikuwa inavuma juu ya maji, na dagaa wanakuja, wanakuja, mpaka maji yanachemka kwa wingi wao. Hakuna aliyewalazimisha. Ungeweza kumuuliza dagaa yeyote, angekuambia amekuja kwa hiari yake, ameona mwanga akaufuata. Lakini karabai haikuwashwa ili ziwa lipendeze. Chini yake palikuwa na wavu, na mwenye wavu alijua vizuri sana mwanga ule unafanya kazi gani.

Ndiyo maana mfano wako wa kisu haunitoshi, mama. Kisu ukikiweka kabatini kinalala. Hakikuiti saa sita usiku, wala hakikumbuki jana ulikata nini ili leo kikuletee kingine cha kukutamanisha. Hizo programu unazoperuzi bila kulipa zinalipiwa na matangazo, na mwenye tangazo ananunua muda wa macho yako. Mwaka 1971, simu hizi hazijafikiriwa, mwanauchumi Mmarekani Herbert Simon alieleza kwamba habari zikiwa nyingi kuna kitu lazima kiwe haba: umakini wa mtu, kwa sababu ndio unaoliwa na habari. Waliokuja baadaye wameufanya uhaba huo kuwa biashara.

Tena wavuvi wana mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu karabai haifui dafu, mitumbwi inakaa mwaloni, watu wanashona nyavu, wanatembelea wagonjwa, wanalala na wake zao. Simu haina mbalamwezi. Kwake kila usiku ni giza la kuvulia.

Mwanafalsafa Martin Heidegger wa Ujerumani alisema katika mhadhara wa mwaka 1953 kwamba teknolojia hutushika vibaya zaidi pale tunapoichukulia kuwa kitu kisichoegemea upande wowote. Alikuwa na doa kubwa, alijiunga na chama cha Nazi, na sikutumi ukamfuate. Ila hapo aliona.

Usidhani nimegeuka adui wa simu. Ada yako ya chuo imetoka kwenye kamisheni za miamala, hapa hapa kwenye meza hii. Mama wa dagaa anatumiwa fedha zake kabla gunia halijapanda lori, hatembei tena na burungutu kifuani akihofia vibaka. Hilo ni jema na sitalikana.

Lakini kuna jambo sijawahi kukusimulia. Kabla M-Pesa haijaingia nchini mwaka 2008, fedha za bibi yako zilikwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa mkono wa mtu. Nilikuwa nashuka bandarini, namtafuta anayevuka, nampa bahasha. Kazi hasa. Wakati mwingine nakosa mtu, nabeba mwenyewe. Simu ilipokuja nilishukuru Mungu: nabonyeza, sekunde chache, imefika. Nikapiga na kuuliza hali, akajibu "nzuri tu, baba." Mwaka mmoja nilikaa miezi saba bila kuvuka. Siku nilipofika nilimkuta anapapasa ukuta kwenda jikoni. Mtoto wa jicho. Meseji zangu alikuwa anasomewa na kijana wa jirani, na kijana huyo huyo ndiye aliyekwenda kumtolea fedha.

Fedha haikupotea hata shilingi. Kilichopotea ni mjumbe. Mjumbe alikuwa na macho, angerudi Mwanza aniambie, "Mwalimu, mama yako haoni." Meseji iliniambia muamala umekamilika, na ulikuwa umekamilika kweli.

Albert Borgmann, mwanafalsafa aliyefundisha Montana huko Marekani, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1984. Alilinganisha meko na mtambo wa kupasha nyumba joto. Meko yalitaka mmoja apasue kuni, mwingine akoke, wote wakae karibu. Mtambo unaleta joto peke yake, hayo mengine yote unayafuta kama usumbufu. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Mimi nilikuwa nimemfuta mama yangu machoni pangu nikidhani nimefuta usumbufu wa bandarini.

Kwa hiyo sikubali kwamba kila kitu ni mkono wa mtumiaji. Mkono wangu ulikuwa safi, mwanangu. Nilituma kila mwezi, wala sikuchelewa. Chombo chenyewe ndicho kilichonifundisha taratibu kwamba kutuma ndiko kutunza, na sikusikia kikinifundisha.

Jicho moja lilifanyiwa upasuaji, anaona vizuri. La pili anaogopa, na kwa simu hakubali kulizungumzia. Jumamosi navuka. Fedha yake ya mwezi huu nimeitoa, ipo kwenye bahasha, na kama una neno la kumwambia liandike ulitume kabla ya Ijumaa nimsomee mwenyewe.

Baba yako