Jibu: Unyevu wa siga kwa anayeishi Mombasa
Ndugu, umeuliza kama uongeze maji kwenye sanduku lako la siga ilhali kipimo cha unyevu kilichomo kinasoma asilimia 74. Usiongeze, kiwango kinachofaa ni asilimia 65 hadi 70, na hewa ya Mombasa ina unyevu wa kutosha. Kwanza kihakiki kipimo: kifungie katika mfuko usiopitisha hewa pamoja na kizibo chenye chumvi iliyoloweshwa ikawa kama uji mzito, na baada ya saa 24 kinapaswa kusoma 75. Kisha tumia pakiti za kudhibiti unyevu za asilimia 65. Mimi naliogopa zaidi joto, kwa kuwa likizidi nyuzi 25 mayai ya mbawakawa wa tumbaku huweza kuanguliwa, nawe utaona vitundu kwenye jani la nje.