Dawa ya sonona inamkausha mama mdomo

SWALI: Shikamoo bibi. Mama yangu, hapa Wete, wiki ya tatu anameza amitriptilini usiku kwa ajili ya sonona. Mdomo unamkauka, choo kigumu, na juzi alipoinuka alfajiri kutia udhu nusura aanguke. Jirani anasema aziache leo leo.

JIBU: Marahaba mwanangu. Asiziache ghafla. Ukizikatisha hivyo huja kichefuchefu, wasiwasi na kukosa usingizi. Daktari ndiye wa kuzipunguza kidogo kidogo. Ukavu huo naujua: nilizimeza nilipofiwa na mume wangu, nikilala na gilasi ya maji ubavuni. Kizunguzungu ndicho kinachonitia hofu, maana dawa hii hushusha presha mtu anaposimama. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda, ndipo ainuke. Mrudishe hospitali wiki hii, na utaje dawa zake zote, hata za mitishamba. Akishindwa kukojoa, akizimia, au moyo ukimwenda mbio, mpeleke siku hiyo hiyo.

Pakiti zifungie wewe, mbali na watoto. Zikizidi kipimo huweza kusimamisha moyo. Na akisema anataka kufa, usimwache peke yake hata dakika moja, mpeleke hospitali.