Kashata za ufuta: sukari ikiwa jikoni, usiende popote

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniuliza kwa nini kashata zake za ufuta zinatoka na chenga badala ya kung'aa na kukatika "ta!" mdomoni. Nilimjibu kwa kifupi: unaikoroga sukari wakati inataka kuachwa. Ila swali lenyewe limekuja wiki ileile ambayo duka moja la Kariakoo limeanza kupokea mitungi yangu ya kashata, na moyo wangu umejaa, kwa hiyo leo nasema kwa kirefu.

Mimi nimekulia Tanga, kwenye nyumba ambayo kahawa chungu haikupita barazani bila kashata. Za nazi na za karanga zilikuwa za kila siku. Za ufuta bibi alizipika Idi, au mgeni wa heshima akija, maana ufuta una kazi. Nilipohamia Dar es Salaam nikaanza kupika na kuzunguka madukani. Mwenye duka mmoja alikigeuza kipande changu mkononi, hakukionja, akaniambia, "Mama, hii ni biashara ya mtoto na sinia." Miaka imepita na neno hilo bado linaniuma. Kwenye rafu nyuma yake vilikuwepo vipande vya ufuta kutoka nje, vimefungwa karatasi za kumetameta, bei mara tatu ya yangu. Na ufuta tunao! Lindi na Mtwara wanavuna, wanapeleka kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, unapigwa mnada, halafu mwingi unapanda meli ukiwa mbegu tupu. Wewe ukiupika nyumbani unaambiwa ni mambo ya watoto.

Haya, tuingie jikoni.

Ufuta wa sokoni una mchanga, na ungo peke yake hautoshi. Umwagie kwenye beseni la maji, uzungushe kwa mkono: mchanga unazama, ufuta unabaki juu. Uchote taratibu, rudia mpaka chini ya beseni pawe safi, uanike ukauke kabisa. Kisha ukaange bila mafuta, moto mdogo, hadi uanze kurukaruka na kunukia. Uepue hapohapo, kwa sababu ukiungua hata kidogo unakuwa mchungu na sukari haiwezi kuuficha.

Mimi natumia vikombe 2 vya ufuta kwa kikombe 1 na nusu cha sukari, maji robo kikombe, ndimu kijiko kimoja cha chai, iliki ya kusaga na chumvi ya kubana kwa vidole. Sufuria iwe nzito. Koroga sukari na maji mpaka iyeyuke tu, kisha toa mwiko. Ikishachemka usiiguse. Punje moja ya sukari iliyoganda ukingoni mwa sufuria ikirudi ndani inatosha kuigandisha yote, na ndizo hizo chenga. Ndimu inasaidia hapo: asidi yake inavunja sehemu ya sukari, nayo inashindwa kushikamana tena kuwa punje. Watu wanadhani ni ya ladha.

Sasa simama. Simu iache chumbani, mtoto mpe mtu amshike. Povu litakuwa kubwa na jeupe, kisha litatulia na rangi itaanza kugeuka. Dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi. Likipindika, bado. Likivunjika, tayari. Mwenye kipimajoto aangalie nyuzi 150. Mimina ufuta ukiwa bado wa moto (ukiwa baridi unaishtua sukari, inakaza kabla hujachanganya), tia iliki na chumvi, geuza haraka, mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta. Usukume kwa mti wa chapati uliopakwa mafuta pia, ukate vipande wakati ungali na joto. Ikishapoa, kisu hakikati tena, kinapasua.

Na wasiwepo watoto karibu. Sukari ya namna hii inaunguza kuliko maji yanayochemka, na inang'ang'ania ngozi.

Pwani adui ni unyevu. Wakati wa masika kashata iliyoachwa wazi hadi jioni inanata, kwa hiyo ikipoa tu iingie kwenye mtungi unaobana. 

Najua wengi mnaonisoma mnataka kuuza. Basi uza kwa bei ya kazi yako. Hesabu gesi, hesabu muda wa kuchagua mchanga, hesabu mtungi. Anayekuambia "punguza, si ufuta tu huu" hajawahi kusimama mbele ya sufuria hiyo. Usikubali kudharauliwa ukiwa na kitu kizuri mkononi, na usimpe mtu sababu ya kukudharau: jiko safi, vipande vya kimo kimoja, vibali mkononi. Anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, watakuelekeza namna ya kufika TBS, shirika la viwango, ambako usimamizi wa usalama wa chakula umekuwa tangu 2019. Usingoje kuwa mkubwa ndipo uanze kufuata taratibu.

Kwenye lebo andika neno ufuta kwa herufi zinazosomeka, na karanga kama unazipikia sufuria hiyohiyo. Wapo ambao miili yao haivipokei kabisa, na wana haki ya kujua kabla hawajafungua mtungi.