Seva Inapotoa Haraka na Kupokea kwa Kusuasua

"Kaka, kuchukua faili ni fasta, kuweka ndiyo kazi."

Aliniambia hivyo dada mmoja msanifu wa kurasa, katika karakana ya uchapishaji niliyokuwa naihudumia Dar es Salaam. Niliitikia, nikaenda moja kwa moja kwenye seva, kompyuta inayotunza faili za wote, na maneno yake nikayaacha mlangoni. Siku mbili baadaye nilielewa kwamba nusu ya jibu ilikuwa ndani ya sentensi ile. Mtandao ulikuwa unapeleka upande mmoja vizuri na upande wa pili unakwama, na mambo yanayoweza kuleta hali hiyo si mengi.

Seva ilikuwa na mfumo endeshi wa FreeBSD, na Samba, programu ya kugawana faili na kompyuta za wasanifu. Faili la kalenda la megabaiti 600 lilitoka kwenye seva kwa dakika moja hivi. Faili lilelile likirudishwa lilikula zaidi ya saa nzima. Ping, amri inayotuma kipande kidogo cha data (pakiti) na kungoja jibu, ilijibu kila mara bila kupoteza pakiti hata moja, nami nikaamini kwamba mtandao ni mzima. Nikaanza kuhangaika na mipangilio ya Samba. Nilibadilisha mistari, nikaiwasha upya, nikabadilisha tena, na kazi za wateja zikizidi kurundikana.

Kilichonitoa gizani ni kutenganisha mambo. Faili linapoingia kwenye seva linapita sehemu tatu: mtandao, programu ya kupokea, na diski. Ukizipima zote kwa pamoja, hujui umepima nini. Kwanza nikatuma faili kwa scp, amri ya kunakili faili kupitia ssh (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta nyingine), badala ya Samba, na kasi ikabaki ileile, kwa hiyo Samba haikuwa na kosa. Kisha nikaiondoa diski kwenye njia:

cat kalenda.pdf | ssh seva 'cat > /dev/null'

Hapa data inafika na kutupwa bila kuandikwa popote. Bado ilisuasua, basi na diski ikatoka kwenye orodha. Kama ingekwenda haraka, ningefungua gstat, amri ya FreeBSD ya kutazama diski, nione diski imeelemewa kiasi gani wakati faili linaingia.

Ukabaki mtandao. Kwenye seva niliwasha iperf3 -s, programu ya kupima kasi ya mtandao, na kwenye laptop yangu nikaandika iperf3 -c pamoja na anwani ya seva. Kwa kawaida data hutoka kwa mteja kwenda kwenye seva. Ukiongeza -R, inageuka. Kuingia nilipata megabiti 1.3 kwa sekunde, kutoka zaidi ya 70. Yule dada alikuwa amenieleza hilo hilo tangu asubuhi ya kwanza.

Ndipo nikaandika netstat -i, amri inayoonyesha hesabu za kila kadi ya mtandao. Kwenye mstari wa em0, yaani kadi ya seva ile, safu ya Ierrs ilikuwa na tarakimu nyingi sana, na kila nikirudia amri zinaongezeka. Hiyo ni hesabu ya pakiti zilizofika zikiwa zimeharibika. Ukiwa na seva inayopokea polepole, angalia safu hiyo kabla ya kugusa mpangilio wowote. Ni amri moja, haibadilishi kitu, na mimi ingeniokolea siku mbili.

Chanzo kilikuwa kwenye /etc/rc.conf, faili la mipangilio inayosomwa seva inapowaka. Mtu aliyeiweka seva ile zamani alikuwa ameilazimisha kadi ya mtandao kwa maneno media 100baseTX mediaopt full-duplex, yaani kasi ya megabiti 100 kwa sekunde na kusema na kusikia kwa wakati mmoja, huenda kwa sababu swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao) ya wakati ule ilidai hivyo. Wiki chache kabla sijaitwa, swichi ilibadilishwa ikaletwa mpya, ambayo hupatana yenyewe na kila kinachochomekwa. Sasa, kadi iliyolazimishwa hivyo haitumi ishara za mapatano. Swichi inaweza kutambua kasi, yaani 100, lakini haina namna ya kujua kama mwenzake anaweza kusema na kusikia kwa wakati mmoja. Kanuni za Ethernet, yaani mtandao wa nyaya, zinaitaka ichague kusema kwa zamu.

Basi seva inazungumza kama mtu aliyeshika simu ya kawaida, na swichi kama aliyeshika simu ya upepo. Swichi inapoisukumia seva kipande cha faili, seva wakati huohuo inarudisha pakiti ndogo za kuthibitisha kupokea. Swichi inaona mgongano, inakatiza ilichokuwa inatuma, na seva inapata kipande kilichokatika, na kuhesabu kosa. Upande wa kutoka hauumii sana, kwa sababu kinachopotea mara nyingi ni uthibitisho mdogo, na uthibitisho unaofuata huziba pengo. Ping nayo ni pakiti moja moja, ni nadra kugongana na kitu. Ndiyo maana ilionekana safi.

Tiba: ifconfig em0 media autoselect, kisha kuondoa maneno yale kwenye rc.conf ili yasirudi seva ikiwashwa upya. Ifanye ukiwa umekaa mbele ya seva yenyewe. Kiungo hukatika kwa sekunde chache, na ikiwa umeingia kwa ssh kupitia kadi hiyohiyo halafu kisirudi, umejifungia nje. Kwenye Linux, ethtool eth0 itakuonyesha kasi na kama kadi yako inasema na kusikia kwa wakati mmoja. Pande mbili zote zipatane zenyewe, au zote mbili zilazimishwe sawasawa. Kulazimisha upande mmoja tu ndiko kunakoleta balaa.

Ikiwa safu ya makosa ni sifuri na anayetuma yuko mbali, tazama kwingine. TCP, kanuni inayosafirisha data kwenye mtandao, hutuma kiasi fulani kisha husubiri uthibitisho. Dirisha la kupokea, yaani kiasi hicho kinachotumwa kabla ya kusubiri, likiwa baiti 65,535, na safari ya kwenda na kurudi kati ya Dar na Ulaya ikiwa milisekunde 160, huwezi kupita kilobaiti 400 hivi kwa sekunde, hata ukinunua intaneti ya gharama gani. Hapo kagua mpangilio wa ukubwa wa dirisha hilo: net.inet.tcp.recvbuf_max kwenye FreeBSD, au net.ipv4.tcp_rmem kwenye Linux. Na kama kinachochelewa ni kuanza tu, halafu faili likishaanza linakimbia, shuku DNS, huduma ya kutafuta majina ya kompyuta: seva huenda inatafuta jina la anayeingia na halipati.

Pale karakanani, baada ya kurekebisha, kiungo kilipanda hadi megabiti 1000 kwa sekunde, na iperf3 ikasoma megabiti 941 kuingia. Nilimwomba yule dada ajaribu kalenda yake. Aliburuta faili, akasubiri kidogo, akageuka kuniuliza kama kweli limefika lote. Tulilifungua pamoja kutoka kwenye seva, ukurasa kwa ukurasa, hadi Desemba.