Baiskeli kwenye miteremko ya kahawa, bila magari

Mkuu, umeuliza njia za vumbi kutoka Moshi mjini kupita mashamba ya kahawa bila kupambana na magari. Bodaboda utakutana nazo popote. Daladala na malori ndiyo unayoweza kuyakwepa.

Anzia msitu wa Rau, tambarare na kivuli, upime baiskeli. Kisha panda Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Elewa umbo la mlima kwanza: migongo inashuka kutoka kaskazini, katikati kuna makorongo. Ukifuata mgongo mmoja unapanda taratibu. Ukikata kutoka Uru kwenda Kibosho, kila mto ni kushuka ghafla na kupanda tena, hivyo kilomita 5 za ramani zinaweza kukumaliza kuliko 15 za kupanda moja kwa moja. Bila gia nyepesi, utasukuma.

Tairi za milimita 40 zenye tyubu, mtu wa kilo 70: jaza upepo psi 35 mbele, psi 40 nyuma. Ukipunguza sana, jiwe linabana tyubu kwenye rimu na kuacha matundu mawili sambamba, hata kama tairi haina mwiba. Beba tyubu mbili, viraka na pampu.

Machi hadi Mei usiende. Udongo mwekundu unajaa kwenye uma unaoshika gurudumu mpaka linagoma, na ukilazimisha unavunja kishikio cha gia ya nyuma.

Kwenye mteremko usikamate breki mfululizo. Bana, achia, bana. Na vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, punguza mwendo: mfereji wa maji hukatiza njia ghafla, umefichwa na majani ya migomba.