Umeandika "peke yangu" mara sita

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, naishi Sinza. Nimetengeneza gemu ya kuendesha daladala peke yangu kwa miaka mitatu: michoro, muziki, programu. Mwaka jana ikashika, wanunuzi wengi wa nje. Sasa wanataka ya simu, barua pepe hazikatiki, saa nane usiku nakula chipsi mayai peke yangu. Mama, ambaye hata hajaiona hiyo gemu, anataka nimwajiri binamu yangu. Niajiri timu?*

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilikuwa ndefu, hapo nimeipunguza. "Kazi nyingi" umeandika mara moja tu. "Peke yangu" mara sita, nimehesabu.

Mfanyakazi si kampani. Atacheka utani wako, lakini mwisho wa mwezi anataka chake, hata kama mwezi huo gemu haikuuza kitu. Na gemu huvuma ikitoka, kisha mauzo yanashuka. Mshahara haushuki. Steam, duka la gemu la mtandaoni, ikishakata asilimia 30 yake, weka na mchango wa NSSF, weka na PAYE, kodi ya mshahara, ya kupeleka TRA kila mwezi.

Mimi nilikuwa fundi cherehani Magomeni. Kazi ziliponizidi nikaajiri mafundi watatu. Baada ya miezi minne nilikuwa nashinda Kariakoo natafuta zipu na vifungo, futi ya kupimia ingali shingoni, na sijashona hata gauni moja. Wateja walikuja kwa mkono wangu, nami mkono nimeuweka mfukoni.

Eric Barone wa Marekani alitengeneza gemu ya kilimo, Stardew Valley, peke yake kwa zaidi ya miaka 4, ikatoka 2016. Wasaidizi walikuja baadaye, gemu ikiwa imeshasimama na pesa ipo.

Kwa hiyo timu, hapana. Mtu mmoja, ndiyo. Pitia kazi zako za wiki nzima ujiulize ipi ukimwona mwenzako anaifanya utaona wivu. Hiyo usiitoe. Kujibu barua, kuwinda hitilafu, kuihamishia kwenye simu, toa. Mlipe kwa kazi, si kwa mwezi, na mwandikiane kabisa kwamba atakachochora au kuandika ni mali yako. Wengi huruka hapo kwa kuoneana aibu, wakaja kugombania gemu ikishapata jina.

Binamu? Umesema "anajua kompyuta". Anajua nini? Mpe hitilafu moja arekebishe, umlipe, uone. Kumwajiri ni siku moja, kumwachisha ni kikao cha ukoo.

Huo upweke nao una dawa yake, na ni rahisi kuliko mshahara. Kodi meza kwenye ofisi za kuchangia, asubuhi tu. Mchana kaa kwenye benchi la mama ntilie, usifungiwe chakula ukale ndani.

Na Jumapili nenda kwa mama na kompyuta yako. Mwache aendeshe hiyo daladala mwenyewe, hata akigonga kila nguzo.